Saratani ya titi: mambo ya kuzingatia kabla hujapanda basi la kurudi nyumbani

Dozi ya mwisho ikiisha, ndugu wanapiga vigelegele na wewe unawaza kitanda chako tu. Ngoja kwanza. Kisu, dripu na mionzi huacha vyao mwilini, vingine hukaa kimya miezi au miaka ndipo vijitokeze, na huko uendako mhudumu wa zahanati hajawahi kuliona faili lako.

Anza na karatasi. Kadi ya miadi haitoshi. Omba muhtasari wa matibabu unaosema upasuaji gani ulifanyika, tezi za kwapani zilitolewa au la, dawa gani za dripu na mizunguko mingapi, mionzi ilipigwa wapi. Kama ulipewa ile dawa nyekundu, doksorubisini, jumla ya dozi iandikwe, maana ina kikomo cha maisha yote, kwa kawaida miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Ikizidi hapo, moyo uko hatarini. Siku ukianza kuhema kwa kupanda kilima kidogo au kushindwa kulala chali, daktari anayekupima moyo lazima aijue dawa hiyo. Piga picha karatasi zote, umtumie na mtoto au ndugu mmoja.

Tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi, kama umeandikiwa, ni kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Nunua au chukua vingine wiki mbili kabla havijaisha. Ukisahau leo, kesho usimeze viwili. Na usishike mimba ukiwa unaitumia.

Ganzi ya vidole iliyoletwa na paklitakseli, mojawapo ya dawa za dripu, inaweza kudumu. Kandambili ziache, vaa viatu vilivyofunika, kagua nyayo kila jioni, na maji ya kuoga yapime kwa kiwiko.

Sasa mkono wa upande uliotibiwa. Hapa ndipo wengi huumia, na huumia kwa kitu kidogo mno. Tezi za kwapani ndizo mifereji ya kurudisha majimaji ya mkono. Zikitolewa, au zikipigwa mionzi, mfereji umebanwa maisha yote. Mkono unaweza kukaa salama mwaka, miaka mitatu, hata zaidi. Halafu mama anapalilia mahindi, mwiba unamchoma kidoleni, anauchomoa na kuendelea na kazi. Usiku mkono unawaka moto, mwekundu, na homa juu. Asubuhi anakandwa maji ya moto. Duka la dawa linampa vidonge vya kukojoa, kwa kuwa umevimba. Jirani anasema ni matende. Mwingine anamjua mtu wa kuchanja chale. Wiki inakatika. Vijidudu vikishaunguza mifereji michache iliyobaki, uvimbe hauondoki tena, na kila shambulio linaita jingine.

Kila hatua hapo ina kosa lake. Maji ya moto huongeza majimaji mkononi. Dawa za kukojoa hutoa maji lakini huacha protini iliyokwama, nayo huyavuta maji yarudi. Chale ni milango mipya ya vijidudu. Kinachotakiwa ni antibiotiki siku hiyohiyo, wala si kesho, na mara nyingi dozi huendelea hadi wiki mbili. Mkono uinuliwe juu ya mto, usichuliwe, na bandeji inayobana ivuliwe mpaka maumivu yatulie. Homa kali na kutetemeka ni safari ya hospitali, usiku au mchana.

Kwa hiyo kabla hujaondoka, pima. Tumia futi ya fundi cherehani: kwenye kifundo cha mkono, sentimita 10 juu yake, kwenye kiwiko, na sentimita 10 juu ya kiwiko. Pima mikono yote miwili, uandike tarehe. Mkono unaotumia zaidi huwa mnene kidogo kwa asili, ndiyo maana vipimo vya mwanzo vina thamani. Vizuri zaidi vingechukuliwa kabla ya upasuaji. Rudia kila mwezi, saa ileile. Tofauti mpya ya sentimita 2 mahali popote, toa taarifa. Hata kabla ya hapo pete itabana, mkono wa gauni utakaza, mkono wenyewe utahisi mzito. Bonyeza kwa kidole gumba: kama shimo linabaki na uvimbe unashuka ukilala umeinua mkono, umewahi. Ukishakuwa mgumu usiobonyea, umechelewa. Uvimbe wa ghafla usifungwe bandeji kabla daktari hajaondoa shaka ya damu iliyoganda au saratani iliyorudi.

Vaa glovu shambani na unapokuna nazi. Tumia kitambaa kinene kushika sufuria. Kucha zikatwe bila kung'oa nyama ya pembeni. Ngozi ipakwe mafuta kila siku isipasuke. Sindano na kipimo cha presha viende mkono mwingine inapowezekana. Kwenye dharura usikatae tiba kwa sababu hiyo.

Lakini usiufunge mkono kanga ukaulaza kama yai. Misuli ikijikaza ndiyo pampu ya majimaji. Kunja na kukunjua ngumi, panda ukuta kwa vidole mara 10 asubuhi na jioni. Jeraha likishapona na daktari akiruhusu, anza na chupa ya maji ya nusu lita, uongeze polepole. Ndoo kichwani itarudi, ila si wiki ya kwanza.

Mengine ni ya kuwa macho tu. Damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hasa ukiwa kwenye tamoksifeni. Mguu mmoja uliovimba na kuuma. Maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku. Kikohozi cha wiki mbili: pima TB kama kila mtu, na unapotoa makohozi waambie pia kwamba uliwahi kutibiwa saratani.