Bomba la majitaka limekufa chini ya pevingi? Usianze kuchimba bado

Jamani habari zenu. Naandika hii mana nimeshaona nyumba nyingi hapa Moshi uwanja mzima umefumuliwa, pevingi zimerundikwa pembeni, mtaro umekatiza toka mlangoni hadi getini, alafu kumbe tatizo lilikua mita moja tu ya bomba. Mara nyingi inawezekana kulitengeneza bomba kwa ndani na uwanja ukabaki vile vile. Sio kila mara, na hapo ndo pa kuwa makini, ila mara nyingi inawezekana.

Kwetu ilikua nyumbani kwa mama, Kiboriloni. Nyumba ya zamani, bomba ni zile za saruji za inchi 6, vipande vifupi vifupi vimeungwa kwa saruji, zinatoka chemba ya nyuma ya jiko zinapita chini ya uwanja mita 18 hadi septiki iliyopo huko migombani. Juu yake kuna pevingi, kuna mparachichi mkubwa, na hatua chache pembeni ndo kaburi la baba. Choo kikawa ukiflashi maji yanapanda kwanza ndo yanashuka, chemba inajaa, na masika ilipoanza uwanja ukawa unanuka. Fundi wa kwanza akaangalia kidogo akasema, "Mama, hapa tunang'oa pevingi zote, na huu mti utoke." Mama akamjibu, "Mwanangu, huo mti alipanda marehemu. Nitafutieni njia nyingine." Basi tukatafuta.

Cha kwanza kabisa ni kujua bomba linaumwa nini. Fungua chemba mbili, ya juu na ya chini, uziache wazi muda mrefu zipitishe hewa, usiingize kichwa wala mtu asishuke ndani, na sigara au moto visisogee hapo. Ile gesi yenye harufu ya yai viza inaua watu kweli, na ubaya wake ikizidi inazima pua, unaona harufu imeisha kumbe ndo imekua kali zaidi. Kwenye septiki ni hivyo hivyo. Akianguka mtu ndani usimfuate, watu wanakufa wawili watatu kwa kufuatana.

Sasa kuna kipimo cha mafundi wa zamani ambacho hakina gharama: mmoja anamulika tochi kali kwenye mdomo wa bomba chemba ya juu, mwingine anashusha kioo kilichofungwa kwenye kijiti chemba ya chini, anakilaza nusu nusu mpaka aone ndani ya bomba. Ukiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka na liko wazi. Ukiona nusu mwezi, kuna sehemu imezama au imejaa. Usipoona kitu limeziba au limekatika. Baada ya hapo tafuta fundi mwenye kamera ya bomba, ile yenye waya mrefu wa kusukuma, na umwambie kabisa unataka kuona kwa macho yako mwenyewe. Waya ukigoma au ukiona ufa, wekeni alama kwenye waya, uvuteni mpime, alafu mpime umbali huo huo juu ya uwanja mpige chaki. Hapo umejua ni chini ya pevingi ipi. Hiyo alama peke yake ni pesa.

Ukiwa unaangalia kamera, tafuta vitu vinne. Mizizi kwenye maungio, hiyo inatibika. Nyufa na maungio yaliyoachana kidogo, inatibika. Tumbo, yaani bomba limezama katikati na maji yametuama, hiyo haitibiki kwa ndani mana chochote utakachoingiza kitafuata lile tumbo. Na bomba lililoporomoka kabisa, ambapo kamera haipiti hata upande, hapo napo utachimba, lakini chimba pale pale kwenye alama yako, mita moja au mbili, sio uwanja mzima. Wanaokaa huko chini kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi waangalie sana tumbo, udongo ule unavimba na kusinyaa na unahamisha mabomba.

Kitu cha tano ambacho watu wanakisahau: je kuna bomba jingine limeunganishwa katikati ya njia? Mfano maji ya bafu la nje yameingizwa kwa tii (kiungo chenye umbo la T) chini ya ardhi. Ukiweka bomba jipya ndani ya la zamani utakua umeliziba hilo. Fungulia kila bomba la nyumba moja moja huku mwenzako anaangalia chemba na kamera, mjue kila maji yanaingilia wapi.

Njia zipo tatu kubwa. Ya kwanza ni ya bitana, yaani soksi ya kitambaa iliyoloweshwa gundi ya epoksi au poliesta inaingizwa kwenye bomba bovu, inavimbishwa kwa hewa au maji mpaka ibane kuta, alafu inapashwa joto inakauka na kuwa bomba gumu ndani ya bomba. Alianza nayo Muingereza mmoja, Eric Wood, huko London mwaka 1971, na ndo inatumika sana Ulaya na Marekani. Uzuri wake inafaa hata bomba la inchi 4 kwa sababu inakula milimita chache tu. Ila inataka vifaa na watu waliofundishwa, ikikauka vibaya imekunjamana umejiletea msiba mpya, kwaiyo ukimpata mkandarasi wa kazi hiyo muombe akuonyeshe video ya ndani ya bomba alilomaliza, sio picha za gari lake. Ya pili ni kupasua: kichwa cha chuma kinavutwa kwa mashine, kinavunja bomba la zamani na kulisukumia udongoni huku kinaburuta jipya nyuma yake. Nzuri kwa bomba lililochakaa sana, lakini sitaishauri kama bomba la maji safi au msingi wa ukuta uko karibu, kule kusukuma udongo kunaweza kuvunja vingine.

Ya tatu ndo tuliyofanya sisi, na ndo naona inatufaa wengi wenye nyumba za zamani zenye bomba la inchi 6: unavuta bomba dogo zima ndani ya bovu. Tulichukua HDPE, yale mabomba meusi, milimita 110, ya roli moja bila kiungo chochote katikati. Ndani linabaki na kama milimita 97 hivi, choo kinapita bila shida. Kama bomba lako ni PVC la inchi 4 usifanye hii, utabaki na kitundu chembamba kitakusumbua, tafuta bitana au chimba pale palipoumia tu.

Tulivyofanya. Kwanza gari la kunyonya likaja likamaliza septiki. Alafu tukasafisha bomba kwa fimbo za kuzibulia zenye kisu mbele, tukakata mizizi tukairudisha nje kwa maji mengi, ilitoka ndoo tatu za mizizi kama nywele. Usimwage kemikali kali za kuzibulia hapo, zinaunguza mikono na zinaua bakteria wa septiki wanaokufanyia kazi bure. Familia ikahamia choo cha jirani siku mbili, hilo panga mapema, tena fanya kiangazi kati ya Juni na Septemba usije ukafungua mtaro mvua ikakujazia.

Kuchimba tulichimba kidogo, sitawadanganya. Bomba la 110 halikunjiki kama mpira wa bustani, linataka mlango mrefu. Kwaiyo tulifukua mita 3 za mwisho kabla ya septiki, huko migombani ambako hakuna aliyelia, tukatoa vipande vile vya saruji, tukapata mdomo wa kuingizia. Upande wa juu tulitumia chemba yenyewe.

Tukapitisha kamba ya manila kwa kuifunga kwenye fimbo toka chemba ya juu hadi mtaroni. Kabla ya kuvuta bomba lote tukavuta kipande cha mita moja cha bomba hilo hilo, kikafika juu. Usiiruke hatua hii. Kikitoka kimechanika mistari mirefu ujue kuna saruji au kokoto imechomoza ndani, rudi ukaisafishe, mana bomba zima likikwama katikati ndo utachimba kweli.

Kichwa cha bomba tulikikata kwa msumeno kama maganda ya ndizi, tukakipasha moto kidogo tukakikunja kikawa kama ncha ya penseli, tukatoboa na drili tukapitisha bolti ya kufungia kamba. Roli tuliianika juani asubuhi ikalainika na kunyooka. Tukapaka sabuni ya maji bomba zima, watu wawili wakawa wanasukuma toka chini na watatu wanavuta toka chemba, kamba imepitishwa juu ya kipande cha bomba la chuma kilichobanwa kwenye kuta za chemba ili isikwaruze. Mita 15 hizi hazikuchukua hata nusu saa. Chenibloku, ile mashine ya mnyororo ya kuvutia vitu vizito, tulikua nayo pembeni lakini hatukuigusa. Na likigoma usilazimishe, rudisha nyuma, zungusha kidogo, jaribu tena.

Hapa sikilizeni vizuri. Usikate ncha siku hiyo hiyo. HDPE likiwa na joto la jua linarefuka, bomba la mita 20 likipoa nyuzi 20 linasinyaa kama sentimita 8. Ukilikata na kulijengea mchana, usiku litajivuta na kuchomoka kwenye chemba. Acha lilale, limezidi pande zote mbili angalau nusu mita, kata asubuhi likiwa baridi.

Alafu gundi ya PVC haishiki HDPE, na saruji nayo haishikamani nalo, inakauka pembeni ikiacha upenyo wa maji na mizizi. Sisi tulikata mpira wa ndani wa tairi, tukauvisha bomba pale linapopita ukuta wa chemba na wa septiki, tukaubana kwa klipu za chuma, ndo tukajengea saruji juu yake. Nafasi iliyobaki kati ya bomba jipya na la zamani tulimimina uji mwepesi wa saruji toka juu taratibu, huku bomba jipya limezibwa na kujazwa maji lisielee. Mteremko tulipima kwa mpira wenye maji, kutoka chemba hadi septiki ilishuka sentimita 40, yaani zaidi kidogo ya sentimita 2 kila mita. Ikipungua chini ya 1 na nusu hivi, uchafu unaanza kubaki njiani.

Kabla ya kufukia ule mtaro, ziba mdomo wa chini, jaza maji mpaka chemba ya juu ianze kupanda, piga alama ukutani, subiri nusu saa. Alama ya kwetu haikusogea. Alafu pitisha kamera tena na uhifadhi video.

Kwa wale wa mjini ambao bomba lao linaingia kwenye mtandao wa MUWSA, yaani mamlaka ya maji na majitaka ya Moshi, sehemu ya kuanzia kiungo chao usiguse, nenda ofisini kwao kwanza wakuonyeshe mpaka wenu uko wapi. Inawezekana hata tatizo liko upande wao na we unataka kumlipa fundi.

Mparachichi upo, mwaka huu umebeba sana. Mama nimemchorea karatasi ya bomba linapopita, na vipimo toka kona ya jiko, imebandikwa nyuma ya mlango wa stoo, na kwenye chemba ya juu tunachungulia kila mvua kubwa ya kwanza ya masika na ya vuli.