Kupanga nyimbo za sikukuu redioni Mombasa

Kipimo cha kwanza ni hiki: wimbo ukipigwa siku ya kawaida mwezi wa Agosti, msikilizaji wa Likoni atauliza leo kuna nini? Akiuliza, huo ni wimbo wa sikukuu. Maneno peke yake hayatoshi. Jingle Bells ya James Pierpont, iliyochapishwa mwaka 1857, haitaji Krismasi hata mara moja, lakini nani asiyegutuka akiisikia Agosti? Taarabu ya harusi haimo, hata kama harusi nyingi hufuata Idi. Jambo Bwana ya Them Mushrooms (1982) nayo ni ya kukaribisha wageni, hupigwa mwaka mzima.

Idi ndiyo inayotaka kazi zaidi. Kufika magharibi ya mwezi 29 Ramadhani uwe na orodha mbili tayari: ya Idi, na ya kuendelea na mfungo ikiwa mwezi haukuandama. Usiachie kompyuta ichague. Mtu wa zamu asubiri tangazo la Kadhi Mkuu, kisha afungue orodha kwa mkono.

Kabla ya swala ya Idi weka takbira, na kasida za sauti tupu au za dufu. Kinanda kingoje baada ya swala, kwani ziko nyumba nyingi zisizopenda ala asubuhi ile, na hao ni wasikilizaji wako. Tangazo la biashara likifika, punguza sauti takbira ikishamaliza "walillahil hamd". Kuikata katikati ni kuvunja heshima, na simu zitakuja kwa haki.

Kosa la kila mara ni kunakili ratiba ya Idi ndogo na kuitumia Idi kubwa. Takbira za Idi ndogo huisha imamu anapoanza swala. Za Idi kubwa hurudi baada ya kila swala ya faradhi hadi alasiri ya mwezi 13 Mfungo Tatu (Dhulhija). Basi faili zake zisifungwe asubuhi.

Krismasi ni rahisi, tarehe haihami. Anza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3, kwa wimbo mmoja kila saa. Ongeza hadi mitatu wiki ya mwisho, na jioni ya tarehe 24 kwaya zishike zamu yote. Ukianza na mitatu tangu Novemba, sikukuu yenyewe itakuta watu wameshachoka. Nyimbo za theluji ziwe chache: kaskazi imeshaanza kuvuma na watu wanatoka jasho. Kwaya za Kiswahili zipewe nafasi hiyo.

Sauti: kwaya zilizotolewa kwenye kanda za zamani huwa chini, kasida mpya za kinanda zimebanwa na hupiga kelele. Usisawazishe kwa kilele cha sauti, maana kwaya huwa na vilele vikali huku sehemu kubwa ikiwa tulivu. Pima wastani wa ukubwa wa sauti wa wimbo mzima, mfano LUFS -23 (LUFS ni kizio cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), na faili zote zifuate kiwango kimoja.

Mwisho wa kila faili ya Krismasi wekea tarehe ya kuzima. Ya Idi usiiwekee tarehe ya mwaka jana: Idi husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na kompyuta itapiga takbira watu wameshamaliza hata funga za sita za Shawali.