Chomoa waya kabla ya kulipia programu ya OPC UA
Sisi wa vyumba vya baridi vya minofu ya sangara hapa Mwanza tumejifunza kwamba, kabla ya kununua programu ya OPC UA (inayosoma data za mashine, kama vile nyuzi za chumba cha baridi, kupitia mtandao), ni vyema kuiunganisha kwa majaribio na mtambo wako halisi, kuchomoa waya wa mtandao kwa dakika 5, kisha kuurudisha. Iliyo imara hujiunga yenyewe. Iliyo dhaifu huendelea kuonyesha nyuzi -18 za zamani ilhali haisomi chochote, na hilo ni hatari kwa samaki. Kiwango cha pamoja, IEC 62541, huzipa mashine lugha moja, lakini hakithibitishi ustahimilivu wa kila programu. Jaribio hili halifai kwa mtambo wa zamani unaotumia Modbus pekee (njia ya zamani ya mawasiliano ya mashine), ambao huhitaji kwanza kifaa cha kutafsiri. Vilevile, saa ya kompyuta ikipoteza wakati sahihi umeme unapokatika, cheti cha usalama (hati ya kidijitali yenye tarehe za uhalali) kinaweza kukataliwa ingawa programu ni nzima.