Namba ya kudumu kwa kila kijana safarini
Nimejifunza hili kwa katibu wa vijana wa usharika wetu: unapoongoza vijana kwenda kuhudumu, tuseme kupaka rangi madarasa ya kijiji kimoja mkoani Dodoma, mpe kila mmoja namba ya kudumu kabla ya kuondoka, na kila basi linapotaka kuondoka kituoni, hasa baada ya chakula pale Msamvu, Morogoro, kila mmoja ataje namba yake kwa sauti na kwa mfululizo. Kuhesabu vichwa hukuambia tu kwamba mmoja hayupo. Kimya baada ya 13 hukuambia ni nani, na simu yake unayo kwenye orodha. Njia hii hushindwa rafiki anapomwitikia mwenzake ambaye bado yuko kwenye foleni ya chipsi, kwa hiyo likataze hilo mapema na kwa ukali. Usiku, wakiwa wamelala, pita kiti kwa kiti na tochi.