Usifute Kinyesi cha Ndege kwa Kitambaa Kikavu

Mimi ni fundi wa kupiga rangi magari, na jambo ninalotaka kukueleza linaninyima wateja. Boneti nyingi ninazoletewa hazikuharibiwa na ndege wala jua peke yake. Ziliharibiwa na mwenye gari, siku aliposhika kitambaa kwa nia njema.

Ya kwanza niliiharibu mwenyewe, kabla sijajua kazi. Gari lilikuwa jeusi, na ndege alikuwa ameacha mzigo wake katikati ya boneti, umekauka kama chokaa. Nikatoa leso, nikaitemea mate kidogo, nikasugua hadi doa likaondoka. Jioni, taa ya barabarani ilipomulika boneti kwa upande, nikaona michirizi ya duara kama utando wa buibui, eneo la kiganja kizima. Katikati yake kivuli cha lile doa bado kipo. Kinyesi cha ndege huwa na chembe za mchanga na maganda ya mbegu, kwa hiyo ukikisugua kikavu umepiga msasa.

Ujue kwanza unalinda nini. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna vanishi isiyo na rangi, ambayo ndiyo inayong'aa na ndiyo inayopokea kipigo cha jua. Tabaka zote za kiwandani zikijumlishwa huwa kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vanishi peke yake ni kama mikroni 40 au 50, nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Kila polishi inayokata huondoa kidogo katika hiyo nusu karatasi, na ikishakatwa haioti tena. Ndiyo maana fundi anayekimbilia mashine kabla ya kuosha gari simwamini.

Nirudi kwa ndege, maana hapo ndipo watu wanapokosea zaidi. Kinyesi kina asidi ya yuriki, lakini asidi ni sehemu tu ya tatizo. Gari likikaa juani, vanishi hupata joto, hulainika na kutanuka. Jua likizama hupoa, husinyaa na kukaza. Kama kuna kitu kimegandia juu yake, vanishi hukaza ikifuata umbo la kitu hicho, na uso wake hubaki na mabonde madogo yasiyorudisha mwanga sawasawa. Hilo ndilo lile doa lililofifia ambalo halitoki hata ukiosha mara kumi. Kwenye jua kali, saa chache zinatosha, na gari la rangi nyeusi huumia mapema kwa sababu bati lake hupata moto kuliko la jeupe.

Kwa hiyo kwenye buti la gari langu hukaa chupa ya kupulizia yenye maji na shampuu ya gari kidogo, na vitambaa viwili vya maikrofaiba, yaani vya nyuzi laini sana. Nikikuta doa, naanza kwa kugusa boneti. Ikichoma kiganja, nalisogeza gari kivulini kwanza, kwa sababu maji ya sabuni yakikaukia kwenye bati la moto huacha madoa mengine. Kisha nalowesha kitambaa hadi kichuruzike, nakilaza juu ya doa na kukiacha dakika 5 hadi 10. Kikishalainisha uchafu, nakikunja kutoka pembeni kuja katikati na kuunyanyua nao, bila kuukandamiza. Kama kimebaki kitu, nalaza upande mwingine ulio safi. Subira ya dakika kumi huokoa polishi ya saa nzima. Wadudu waliopasukia mbele ya gari nao hutolewa hivyo hivyo, na wasiachwe hadi wiki iishe, maana mabaki yao pia hula vanishi.

Utomvu wa miti ni mkaidi zaidi, maji peke yake hayauwezi. Tia spiriti kwenye kitambaa, ushikilie juu ya tone hadi lilegee, halafu futa taratibu. Ukiona linavutika kama gundi, geuza kitambaa upate upande safi, la sivyo unausambaza. Usilikwangue kwa kucha wala kisu, hata kama limekuwa gumu kama kioo. Gari lililorudiwa rangi lijaribu kwanza pasipoonekana, kwa mfano ndani ya fremu ya mlango, kwa sababu rangi nyingine za gereji hulegea zikiguswa na spiriti. Ukimaliza osha sehemu hiyo na uipake nta upya. Spiriti imeondoka na nta pia.

Maji yenye madini mengi yakikaukia mwilini mwa gari huacha vijiduara vyeupe. Hivyo hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Paka, hesabu dakika moja, suuza sana. Kama vijiduara vimebaki, vimeshachimba, na sasa ni kazi ya polishi.

Kuosha nako kuna namna yake, na mchubuko mwingi wa taratibu hutokea hapo. Mimi hutumia ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila nikimaliza sehemu moja. Ukitaka kujua kwa nini, mwishoni tazama mchanga uliotulia chini ya ndoo ya pili. Ule ungekuwa unazungushwa juu ya rangi yako. Mwagia gari maji kwanza ili vumbi lianguke lenyewe, anza paani ushuke chini, na sehemu za chini ya milango ziwe za mwisho. Sabuni ya vyombo iache jikoni, kwani kazi yake ni kukata mafuta, na nta nayo huiondoa. Gari linalokaa karibu na bahari, au linalopita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji, lisuuzwe na chini yake pia.

Baada ya kuosha, vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti. Ukihisi vichembe kama mchanga ambao macho hayauoni, hivyo ni chembe za chuma kutoka kwenye breki na reli, zimejichomeka kwenye vanishi. Nta ukiipaka juu yake unazifungia ndani zipate kutu kwa raha zao. Ziondoe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiutelezesha juu ya maji ya shampuu bila kukandamiza, na kuukunja kila unapochafuka. Udongo huo ukikudondoka chini, utupe. Najua unauma mfuko, lakini utupe. Umeshabeba changarawe.

Sasa ndipo nta ina maana. Nta ya asili ya mkarnauba, mti wa jamii ya mitende, hudumu wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Ile ya kutengenezwa viwandani huenda miezi kadhaa. Mipako ya seramiki huhesabiwa kwa miaka, ila inadai rangi iandaliwe vizuri kabla, maana mchubuko utakaoufunika utakaa nao muda huo wote. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomzuia ndege. Zinakununulia muda tu kabla asidi haijafika kwenye vanishi. Kipimo changu ni maji. Yakisimama juu ya boneti kama shanga, kinga ipo. Yakitandaa na kulala, imekwisha.

Turubai la gari ni zuri likiwa linapitisha hewa na gari likiwa safi. Ukilivika gari lenye vumbi, upepo utakufanyia kazi ya msasa bure.

Alama ikishaingia, usianze na dawa kali. Pitisha ukucha juu yake ukikatisha mchubuko. Ukucha ukiteleza, mchubuko uko kwenye vanishi na polishi laini inaweza kuumaliza. Anza na laini kabisa kwa mkono, sehemu ndogo ya kiganja, angalia matokeo chini ya taa, ndipo uamue kama unahitaji kompaundi, yaani polishi nzito inayokata zaidi. Kingo za paneli na mikunjo ya bati zizibe kwa tepu, kwa sababu hapo vanishi ni nyembamba zaidi na mashine huila kwa sekunde. Ukucha ukikwama, polishi haitalifikia bonde. Utapunguza vanishi ya pembeni na bonde litabaki.

Kuhusu jua, nitakuwa mkweli kuliko wauza chupa. Gari la zamani lisilo na vanishi likififia na kutoa unga, polishi hulirudisha. Utaona hata kitambaa kinashika rangi ya gari, na si ajabu. Lakini vanishi ikishaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, kwa kawaida paani na kwenye boneti, hakuna nta, mafuta wala kompaundi itakayoirudisha. Paneli hiyo hupigwa msasa na kupakwa upya. Niliwahi kumwona mtu akizipaka mafuta boneti kama hizo kila asubuhi. Ziling'aa hadi adhuhuri.

Kinachobaki ni vidonda vya mawe, pale kokoto za barabarani zilipobandua rangi, ambavyo usivichelewe, kwa sababu bati likiona hewa na unyevu kutu hutembea chini ya rangi bila wewe kujua. Tafuta namba ya rangi ya gari lako, mara nyingi iko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango au kibati kilicho chini ya boneti. Osha kidonda, kikwangue kutu kwa ncha ya msasa hadi bati ling'ae, futa kwa spiriti. Gusa praima kwa ncha ya kijiti cha meno, si kwa brashi ya kwenye kifuniko cha kichupa cha rangi, maana ile hubeba rangi nyingi mno. Ikikauka, weka rangi kidogo kidogo, tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke, halafu vanishi. Bampa la plastiki halina kutu, hivyo hilo linaweza kungoja. Nta juu ya kidonda kipya usiipake hadi mwezi upite, rangi bado inatoa mvuke wake.