Somo: Kumtafutia farasi wako makao Nairobi unapoanza chuo

Wadau, barua za kujiunga na vyuo zikitoka tu, swali ni lile lile: mtu amekulia Nanyuki, Molo au Naivasha, nyumbani kuna farasi, sasa ameitwa chuo Nairobi na moyo haumruhusu kumwacha. Somo hili ni lake. Mazizi ninayoyajua ni ya upande wa Karen, Lang'ata, Ngong na Limuru, kwa hiyo nitabaki huko. Wa Arusha na kwingineko mtachukua yanayowafaa.

Kabla ya hatua zozote niseme hivi: unayemtafuta hasa ni saisi, yaani mtunza farasi wa zizini; zizi linafuata. Wewe utakuwa maabara, utakuwa kwenye foleni ya kusajili kozi, utakuwa umekwama kwenye matatu. Anayeamka na farasi wako ni saisi, na anayeona kwanza kwamba leo hajamaliza chakula ni huyo huyo. Nimeona mazizi yenye lango la umeme na maua kila kona ambako farasi wanakonda, na mabanda ya mabati ambako mzee mmoja anamjua kila mnyama kwa kikohozi chake.

HATUA YA 1: Aje, au abaki?

Maoni yangu, na najua wengine watapinga: muhula wa kwanza mwache nyumbani. Ratiba ya masomo hutulia wiki kadhaa baada ya kufungua, hujui utalala wapi, hujui siku gani utakuwa huru. Ukimleta farasi wiki ile ile unayobeba godoro lako, mmoja wenu atateseka, na mara nyingi ni yule asiyeweza kupiga simu. Farasi mzee, au jike mwenye mimba, asisogezwe kabisa kwa sababu ya shahada ya mtu.

Kama nyumbani hakuna wa kumfanyisha mazoezi, unaweza kumkodisha kwa mpandaji mwingine huko huko kwa mwaka mmoja, kwa maandishi. Farasi aliyezoea kazi akisimama bure miezi minne, likizo utakuta mnyama mwingine.

HATUA YA 2: Pima kwa muda, kilomita ziache

Mazizi mengi yako magharibi na kusini-magharibi ya jiji, vyuo vimetawanyika. Ukiwa Chuo cha Kikatoliki Lang'ata, Multimedia pale Magadi Road, au Chuo cha Ushirika Karen, una bahati. Wa Strathmore, Madaraka, mnafika bila shida kubwa nje ya saa za msongamano. Wa Kabete mna Southern Bypass upande mmoja na barabara ya Limuru upande wa pili. Lakini wewe wa Kenyatta, Kahawa, ukiweka farasi Karen, ujue unavuka jiji zima. Usiiamini ramani ya simu ya Jumapili asubuhi. Panda matatu siku ya Alhamisi saa kumi jioni, ubadilishe mjini, uchukue ya 24 au 111, ushuke, umalizie kwa boda hadi langoni. Muda huo ndio utakaotumia kweli. Ukikuta unazidi saa moja na nusu kwenda tu, hutakuwa unaenda katikati ya wiki, hata ukijiapia. Basi lipa huduma kamili, usijidanganye na nusu.

HATUA YA 3: Makubaliano ya aina gani

Huduma kamili: zizi linalisha, linasafisha banda, linamtoa nje na kumrudisha, na mara nyingine linamfanyisha mazoezi. Nusu: wao wanalisha na kusafisha, mazoezi na kumpiga brashi ni yako. Aina ya tatu ni kukodi banda na uwanja tu, ukaajiri saisi wako na kununua nyasi mwenyewe. Hii ya tatu kwenye karatasi huonekana ya bei nafuu kuliko zote. Mwanafunzi asiiguse. Saisi akifiwa na kwenda kwao Busia wiki mbili, wewe ndiye saisi, na mtihani hausubiri.

Bei sitaandika, maana hupanda na nyasi. Dai orodha ya kilichomo: nyasi, chakula cha nafaka, matandazo ya banda, dawa ya minyoo, fundi wa kwato, chanjo. Kwato hukatwa kila wiki sita hadi nane na meno huangaliwa walau mara moja kwa mwaka; hivyo viwili ndivyo huachwa nje ya bei halafu vikarudi kama bili.

HATUA YA 4: Nenda ukamwone saisi

Nenda mara mbili, alfajiri mabanda yanapofunguliwa na jioni farasi wanaporudishwa. Mwenye zizi atataka kukutembeza. Mshukuru, tembea naye, halafu omba kukaa kidogo peke yako.

Mtazame saisi anavyofungua banda asubuhi. Aliyeiva haingii na reki moja kwa moja. Husimama mlangoni, akaangalia ndoo ya chakula, akaangalia maji yamepungua kiasi gani, akaangalia mavi chini kabla hajayagusa. Muulize, "Mzee, huyu usiku ametoa mavi mara ngapi?" Akikujibu bila kufikiri, na akaongeza kwamba jana yalikuwa makavu kidogo, umefika. Farasi mzima hutoa mavi mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, na yakipungua tumbo linaanza kujifunga. Msokoto wa tumbo unaweza kuua farasi ndani ya saa chache, na anayeuwahi ni mtu anayehesabu mavi.

Tazama pia farasi wanavyompokea. Wakirudisha masikio nyuma na kujibanza ukutani anapoingia, hapo kuna kiboko hata kama hukioni. Uliza ana farasi wangapi: wanne au watano kwa mtu mmoja wanashikika, kumi na wawili ni kuwasukuma tu. Na ulizia anakolala. Zizi ambalo usiku lina askari wa lango peke yake halina mtu wa kusikia farasi akijigaragaza saa nane.

HATUA YA 5: Stoo ya chakula

Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo tisa za nyasi kavu kwa siku, zaidi kama uwanja ni vumbi tupu. Robota, yaani furushi la nyasi lililofungwa, la kilo 15 haliishi siku mbili, kwa hiyo kwa mwezi ni marobota kama 18. Hesabu marobota yaliyomo, gawa kwa idadi ya farasi. Januari hadi Machi nyasi huadimika na bei kupaa. Zizi lisilo na akiba Desemba litakupigia simu Februari.

Robota livunje, unuse. Likitoa vumbi au harufu ya ukungu, hapana. Mahindi yenye ukungu ni mabaya zaidi, maana sumu yake hula ubongo wa farasi.

Kuna jambo la mazizi yetu ambalo wengi hawalijui. Nyasi za Kikuyu zina oksaleti inayofunga kalsiamu, na pumba za ngano zina fosforasi nyingi. Farasi akilishwa hivyo viwili miezi mingi bila nyongeza, mwili unachukua kalsiamu kutoka mifupani, anachechemea bila sababu, na mwisho uso unavimba. Lusaini (majani ya malisho) na chokaa ya lishe ndizo dawa. Ukiona debe la pumba na huoni kingine, uliza.

Hakikisha pia chakula cha kuku na cha ng'ombe hakichanganywi na cha farasi. Baadhi kina monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo, na kiasi kidogo tu kinaharibu moyo wa farasi.

HATUA YA 6: Maradhi ya huku

La kwanza ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma kuanzia jua linapotua hadi asubuhi, na hushika kasi baada ya mvua. Aina yake ya mapafu huua karibu kila farasi asiye na kinga. Homa kali, mashimo ya juu ya macho kuvimba, povu puani: ukiviona hivyo ni simu kwa daktari saa hiyo hiyo. Punda milia huvibeba virusi bila kuugua, na Lang'ata inapakana na mbuga. Chanjo ni kila mwaka, na baada yake farasi apumzishwe kama daktari atakavyosema. Usimchanje leo ukampakia kwenye lori kesho. Zizi zuri huingiza farasi ndani kabla jua halijatua, na kuwatoa likiwa limepanda.

La pili ni kupe. Homa yao huja na ufizi wa manjano na mkojo mwekundu. Uliza wanaogesha kwa dawa gani. Amitrazi, inayotumika sana kwa ng'ombe, kwa farasi husimamisha utumbo. Nimeisikia ikitumika kwenye zizi ambalo siwezi kulitaja, "kwa sababu ndiyo iliyokuwepo."

Farasi mgeni atengwe wiki mbili hadi tatu. Zizi likikwambia mlete tu aingie na wenzake, ujue wote waliomo waliingia hivyo.

HATUA YA 7: Karatasi na safari

Mkataba uandikwe: bei, kilichomo, notisi ya kuondoka, nani anaruhusiwa kumpanda. Ofisi ya mifugo ya kaunti iulizwe mapema kuhusu kibali cha kusafirisha. Safiri alfajiri, na mpe siku kadhaa bila tandiko mgongoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Niko JKUAT, Juja. Jirani ana shamba la ng'ombe wa maziwa na amekubali kunipa kona. Vipi, mkuu?

Jibu: Inawezekana, ila asiwe peke yake. Farasi ni mnyama wa kundi, akikosa mwenzake hula mbao za banda na kutembea kandokando ya ukuta siku nzima. Ng'ombe humliwaza kidogo, punda zaidi. Punda huyo mpe dawa ya minyoo kwanza, maana hubeba minyoo ya mapafu bila kukohoa na farasi ndiye atakayekohoa. Waya wa miiba utoe wote. Na yale ya monensini na amitrazi hapo juu yanakuhusu wewe kuliko mtu yeyote.

Swali: Watu wanakosa karo, nyinyi mnajadili mabanda ya farasi. Hii nchi jamani!

Jibu: Haki yako kusema, ndugu. Ila wengi wa farasi hawa ni waliostaafu mbio pale Ngong Road, hutolewa kwa bei ndogo au bure kwa atakayewatunza. Kumpata si shida, shida ni kumlisha. Na kwa wanaowaza: hela za mkopo wa masomo wa HELB zisiguse nyasi.

Swali: Shule ya kufundisha kupanda farasi imesema itanipunguzia nusu ya gharama wakimtumia wangu kwa wanafunzi. Nikubali?

Jibu: Kwa farasi mpole wa umri wa kati, ndiyo. Andikeni saa kwa siku, siku ya mapumziko, na uzito: mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Andikeni pia nani analipa daktari akiumia kazini. Kama wako ametoka kwenye mbio juzi na bado anaruka akiona karatasi ya mkate, mtoto wa watu atavunjika mkono. Kataa.

Swali: Egerton je? Ni chuo cha kilimo, nadhani wana nafasi.

Jibu: Usidhani, dada. Kwenda chuo cha kilimo si tiketi ya banda. Ila Njoro, kilipo chuo hicho, ni afadhali kuliko Nairobi kwa mambo mengi: baridi, mashamba makubwa, na matandazo ya majani ya ngano hayakosi msimu wa mavuno. Kodi uwanja kwa mkulima ambaye tayari ana farasi. Kwa daktari, wa Njoro mtafuteni mapema anayejua farasi hasa, kwani wengi wanashinda na ng'ombe. Sisi wa Nairobi tuna kitivo cha tiba ya mifugo pale Kabete.

Swali: Nimpe saisi pesa kidogo za pembeni amwangalie wangu zaidi?

Jibu: Mwulize msimamizi kwanza, hadharani. Pesa za siri huleta ugomvi kati ya masaisi, na farasi wako ndiye atakayenyimwa siku yule wako akiwa likizo. Ikikubaliwa, tuma kwa M-Pesa mwisho wa mwezi na mwite mzee kwa jina lake. Kilichowasaidia wanafunzi ninaowajua zaidi ya pesa ni kwenda, kushika reki naye saa moja, na kumsikiliza. Na mnunulie bando. Picha ya banda kila asubuhi kwenye WhatsApp inakuonyesha ndoo na mavi hata ukiwa darasani.

Swali: Akiugua nikiwa kwenye chumba cha mtihani, simu imezimwa?

Jibu: Hili liandikwe siku ya kwanza. Jina la daktari, na asiwe wa mitaani bali aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Kiasi ambacho zizi linaruhusiwa kutumia bila kukuuliza. Mtu wa pili wa kupigiwa, awe mzazi au rafiki anayemjua farasi. Na lile ambalo hakuna anayependa kuliandika: kama daktari atasema hakuna la kufanya, nani ana ruhusa ya kukubali adungwe sindano ya mwisho. Usipolijaza, atakaa na maumivu hadi utoke mtihani. Bandika nakala mlangoni mwa banda, nyingine mpe saisi mkononi, na kabla ya kila kipindi cha mitihani piga namba zote uone kama bado zinapokelewa.