Ongea utakavyo, ila usigonge chombo
Ukivua kwa ndoana, acha kunong'ona: sauti ya mtu hewani karibu yote hurudishwa na uso wa maji. Kinachofukuza samaki ni kasia kugonga ubavu wa chombo au nanga kutupwa kwa kishindo, maana mtikisiko huo huingia majini moja kwa moja na kusafiri kama mita 1,500 kwa sekunde. Tandika gunia sakafuni. Samaki husikia kwa vijiwe vya ndani ya kichwa, na tena ana mstari wa ubavuni (tazama magamba kwa karibu, utaona vitundu vyake) unaohisi maji yanayosukumwa jirani naye. Kwa hiyo usiku, au maji yakichafuka, chezesha chambo kidogo.